Na ya Kutolea

Kaka yangu mkubwa hajawahi kuniomba hela bila kuongeza maneno matatu: "na ya kutolea." Akitaka elfu ishirini, anataka elfu ishirini kamili mkononi, makato ya wakala nibebe mimi. Julai 2021 serikali ilipoweka tozo kwenye miamala ya simu, watu walilalamika nchi nzima, wengine wakarudia mtindo wa zamani wa kutuma bahasha kwa makondakta. Kaka hakulalamika. Alirefusha sentensi tu: "Na ya kutolea, na ya tozo, mdogo wangu."

Julai ile mimi na yeye tulikuwa hatusemezani. Au niseme ukweli: mimi nilikuwa simsemeshi. Yeye, nikizitazama meseji zake, nadhani hakuwa na habari kwamba tumegombana.

Kazi yangu ni uhasibu, na maradhi ya kazi hii ni kuandika. Tangu mshahara wa kwanza nilikuwa na kaunta buku ya kwaya mbili ambayo kila ndugu alikuwa na ukurasa wake. Shangazi ukurasa mmoja, dada zangu wawili kurasa mbili zisizojaa, mdogo wetu wa mwisho nusu ukurasa. Kaka alikuwa na kurasa saba. Kulia niliandika kiasi na sababu: elfu 80, tairi na spoku za kuuza, elfu 40, kodi ya fremu, elfu 25, "dharura", neno lake mwenyewe, halikuwa na maelezo zaidi. Kushoto niliacha nafasi ya marejesho. Upande ule ulikuwa mweupe kama kanzu ya Idd.

Mke wangu aliwahi kuniuliza namwekea nani. Sikuwa na jibu. Huwezi kumshtaki kaka yako kwa elfu 25 ya dharura. Lakini kuna raha fulani, ya kijinga, ya kujua kwa shilingi na senti ni nani amekukosea.

Kwetu ni Tanga, Ngamiani, kwenye mojawapo ya zile barabara zinazoitwa kwa namba. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, ukumbi katikati, baraza mbele, uani jiko na choo. Baba yetu alizaa watoto watano kwa wake wawili. Mama yake kaka aliachwa kabla sisi wengine hatujazaliwa, akarudi kwao Pangani, na mtoto akabaki kwa baba. Aliyemlea ni mama yangu. Tofauti yetu ni miaka kumi na moja, kwa hiyo nilipoanza kupata akili yeye alikuwa tayari kijana wa mtaani mwenye baiskeli, na mimi nilikuwa naamini hakuna mtu mkubwa kuliko yeye ukimtoa baba.

Baba alifariki mwaka 2018, msimu wa masika. Baada ya arobaini tulikaa kikao cha familia sebuleni, juu ya mkeka, muhtasari ukaandikwa, kaka akapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi kwa sababu ndiye mkubwa na ndiye aliyekuwepo Tanga. Tukaenda Mahakama ya Mwanzo, mambo yakapita. Sheikh wa mtaa akatueleza mafungu: mama thumni, yaani moja ya nane, kinachobaki, mwanamume mafungu mawili, mwanamke fungu moja. Wanaume tuko watatu, wanawake wawili. Nilipiga hesabu palepale kwenye simu. Nyumba inagawanyika sehemu 64: mama 8, kila mwanamume 14, kila dada 7. Hesabu inafunga bila kubakiza hata chembe, na nakumbuka nilifurahi, msibani, kwa sababu ya hesabu. Tatizo ni kwamba nyumba yenyewe ina vyumba sita na choo kimoja.

Hatukuuza. Mama yuko eda, angehamia wapi? Tukakubaliana vyumba vinne vipangishwe, elfu thelathini kila kimoja, kaka akusanye, hela ikarabati nyumba na imtunze mama, ikizidi tugawane. Wapangaji wakalipa miezi sita sita kama ilivyo desturi. Mara tatu alikusanya 720,000. Mara tatu ilikuwa kama mvua iliyonyesha baharini.

Januari 2020 nilienda Tanga nikakuta mama analala na sufuria pembeni ya kitanda. Bati la juu ya chumba chake lilikuwa linavuja tangu vuli. Alikuwa amezoea kiasi kwamba usiku, nikiwa ukumbini, nilimsikia akiamka kumwaga maji na kurudi kulala bila kuwasha taa. Kesho yake nikamfuata kaka kwake. Nikamuuliza hela ya kodi iko wapi. Akanijibu kwa utulivu, kama mtu anayeeleza habari za hali ya hewa: "Hela ilikuja, ikakuta shida zimepanga foleni mlangoni."

Nikamwita mwizi. Mbele ya watoto wake watatu, mmoja akiwa amebeba sahani ya mihogo aliyotumwa kuniletea.

Nilirudi Dar nikajitoa kwenye kundi la WhatsApp la familia. Dada yetu anayefanya kazi Muscat akanirudisha. Nikajitoa. Akanirudisha, akaniletea sauti ya dakika tisa ambayo sikuisikiliza yote. Dada mwingine akachukua kazi ya kukusanya kodi. Kaka akabaki msimamizi wa kwenye karatasi. Na mimi nikafungua kaunta buku nikaongeza mstari: fungu langu la kodi iliyoliwa, 14 kati ya 64 ya 2,160,000, sawa na 472,500. Ukijumlisha na yale ya zamani, 1,870,000. Nikapigia mstari chini, miwili, kama tunavyofanya ofisini hesabu ikishafungwa.

Miaka mitatu na zaidi ilipita hivyo. Sitasema iliniuma kila siku, maana haikuniuma. Maisha ya Dar yana namna ya kukusahaulisha. Ukishindana na foleni ya Ubungo huna nguvu ya kuchukia mtu aliye mbali. Siku moja kazini tulipewa fomu mpya za bima ya afya. Mchangiaji, mwenza, na wategemezi wanne. Nikajaza watoto wangu wawili, mama, na mama mkwe. Fomu ikajaa. Nikaitazama, nikaona kwa mujibu wa karatasi ile mama mkwe wangu, ambaye tangu nioe nimekula naye mezani labda mara kumi, ni familia yangu, na mtu aliyenifundisha kuendesha baiskeli hana hata kisanduku. Nikasaini.

Neno lenyewe, familia, tumelipokea ukubwani. Bibi yangu mzaa baba sikumbuki kumsikia akilitamka. Yeye alisema jamaa zangu, ukoo wetu, au alisema "tumbo", tumbo la fulani. Maneno yale yalikuwa mapana na hayana mlango wa kufunga. Mtoto wa baba mdogo ni kaka yako, basi. Hakuna aliyekuja na neno la kumsogeza pembeni. Familia ina idadi. Jamaa hawana idadi, ndiyo maana wanachosha.

Novemba 2023 shangazi alinipigia. Yeye ndiye pekee aliyebaki katika tumbo la baba. Hakunieleza shida. Alisema, "Njoo nikuone kabla macho hayajafunga," kauli ambayo amekuwa akiitumia tangu mimi niko sekondari. Nikapanda basi Mbezi, nikashuka stendi ya Kange, nikachukua boda kwa elfu mbili hadi kwake. Nilikuwa nimebeba kaunta buku. Nilijua atanisuluhisha na kaka, nikaona niende na ushahidi.

Nilimkuta barazani anasuka ukili, chane za miyaa ziko mapajani, vidole vinakwenda vyenyewe.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba baba. Umekonda. Kaa."

Baada ya chai na maandazi nikafungua daftari. Shangazi herufi hizi zetu hajui, anasoma msahafu tu, kwa hiyo nikamsomea. Nilisoma kurasa zote saba, tarehe, kiasi, sababu. Ilichukua muda. Hakunikatiza, na hakuacha kusuka. Nilipofika 1,870,000 nikafunga.

"Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Mbona hukuandika la sanduku?"

"Sanduku gani?"

Akacheka. Shangazi akicheka hufumba macho kabisa.

Mwaka 2004 nilichaguliwa kidato cha kwanza shule ya bweni, mkoa wa mbali. Nilikuwa wa kwanza nyumbani kwetu. Fomu ya kujiunga ilitaka ada 70,000, godoro, shuka mbili, ndoo, jembe, fyekeo, rimu ya karatasi, na sanduku la bati lenye kufuli. Baba alikuwa amepoteza kazi miaka ya tisini viwanda vya Tanga vilipofungwa kimoja baada ya kingine, wakati ule anauza mkaa. Mimi ninachokumbuka ni kwamba siku ilipofika, vitu vilikuwepo. Mtoto haulizi. Sanduku lilikuwa la bluu, limechorwa maua mekundu, na nilijivunia sana kufuli lake.

Shangazi akanieleza vitu vilitoka wapi. Kaka aliazima baiskeli akazunguka siku nne: Pongwe, Muheza, akateremka hadi Pangani kwa wajomba zake. Wajomba zake yeye, si wangu. Watu ambao dada yao aliachwa ili mama yangu aolewe, ndio alikwenda kuwaomba hela ya mtoto wa mama yangu. Na wakatoa.

"Isipokuwa," shangazi akasema, akilowesha miyaa kwa maji, "ada ilikuwa sabini. Yeye huko kote alisema laki."

"Laki?"

"Laki. Elfu thelathini akanunulia pampu, spana na lile karai lake la maji. Ndiyo akaanza ufundi."

Nilinyamaza. Kile kijiwe cha baiskeli nakifahamu. Elfu mbili mbili nilizokuwa naletewa shuleni kwenye bahasha kwa mkono wa kondakta zilitoka pale.

"Mlijua?"

"Sote tulijua. Baba yako alijua."

"Na mkampa?"

"Angekuja kuomba ya spana nani angemfungulia? Ya mtoto wa shule mtu hanyimi. Akatumia jina lako, na wewe ukasoma. Haya, mhasibu, nani kaibiwa hapo?"

Nilitaka kumjibu kitaalamu. Kwa kweli nilianza kutafuta: wachangaji walitoa kwa lengo moja, zikatumika kwa lengo jingine, huo kwa lugha ya kazini ni ubadhirifu. Lakini kila nilipomfikia mwenye hasara nilikuta ameridhika, na kama kuna aliyefaidi kuliko wote ni mimi niliyeshika daftari.

"Zimwi likujualo halikuli likakwisha," akasema.

"Lakini linakula, shangazi."

"Linakula. Nani kakwambia halili?" Akavuta ukili, akapima urefu kwa mkono. "Hebu nirudie ile ya Juni. Umesoma elfu hamsini, Juni. Ilikuwa ya nini?"

Sikuhitaji kufungua. Wakati nasoma nilikuwa nimeipita haraka, na yeye aliisikia nikiipita. Juni 2017 mke wa kaka alijifungua mtoto wa kiume, akaishi siku mbili. Mimi nilikuwa Dar, mwisho wa mwaka wa fedha, tunafunga mahesabu, na bosi wangu alikuwa ameshasema hakuna ruhusa. Nikatuma elfu hamsini. Na ya kutolea, bila kuombwa. Kisha jioni ile, kwa mazoea ya mkono, nikaandika kwenye ukurasa wa kaka: 50,000, rambirambi. Ikaingia kwenye jumla. Miaka sita nilikuwa namdai kaka yangu rambirambi ya mwanawe.

"Ilikuwa tuzike adhuhuri," shangazi akasema. Sauti yake haikubadilika hata kidogo. "Tukangoja alasiri. Alisema mdogo wangu yuko njiani. Nani alimwambia uko njiani?"

"Hakuna."

"Basi alijiambia mwenyewe. Akasimama pale barabarani. Mabasi ya Dar yakapita yote. Alasiri akaingia ndani akambeba mwanawe mwenyewe, kwa mikono, tukaenda."

Hakusema zaidi. Nilingoja anilaumu ili nijitetee kwa habari za bosi na mahesabu ya Juni. Akaniambia nisogeze kiti, jua linanipiga.

Kaka hakuwahi kunitajia siku ile. Siyo kwa maneno, siyo kwa utani, hata mwaka 2020 nilipomwita mwizi na yeye alikuwa na jambo kubwa kuliko bati la kunirudishia usoni. Nimejaribu kuelewa kwa nini. Labda ni uungwana. Labda alishasahau, ni mtu wa kusahau madeni, na huenda anasahau pande zote mbili. Sijui, na sijamuuliza.

Mchana ule nikatembea hadi kijiweni kwake. Njia nzima nilikuwa natafuta neno la kuanzia, na nilipofika nikakumbuka kwamba kwetu neno la kuanzia halichaguliwi. Unamdai mtu, mmekaa miaka mitatu bila kusemezana, na bado yeye ndiye mkubwa.

"Shikamoo kaka."

Alikuwa amechuchumaa, amezamisha mpira kwenye karai, anatafuta pancha. Karai lenyewe, nililitazama sana, limebonyea na limeota kutu ukingoni.

"Marahaba. Shika hapa." Akanipa pampu. "Jaza. Kandamiza, hiyo inavuja."

Nikajaza. Mapovu yakapanda, akaweka kidole, akaweka alama. Akachukua msasa, akasugua, akapaka gundi, akapuliza. Wazee wa bao waliokuwa pembeni wakanisalimia kwa kuniita Dar es Salaam. Muda mrefu hatukusema kitu, au tulisema vya spoku na bei ya tairi za Kichina.

"Kaka, ile Juni..." nikaanza.

"Bati nimebadilisha," akasema, bila kunitazama. "Mawili. Mama hajakwambia?"

Mama alikuwa ameniambia. Aliniambia pia kwamba ni mabati ya mitumba na kona moja bado inadondosha.

"Ameniambia. Ahsante."

Akabandika kiraka, akakigonga kwa nyundo ndogo. "Lile neno watoto bado wanalikumbuka. Yule wa kike mpaka leo anauliza kama ni kweli."

"Unamjibu nini?"

"Namwambia baba yako mdogo alikuwa na hasira, na mimi nilikuwa na hela zake. Tumetoka sare."

Nikamwomba radhi. Akauliza ya lipi, na mimi nikaona yako mengi, nikashindwa kuanza na moja. Akapiga mluzi kwa muuza kahawa, akaagiza vikombe kwa kijiwe kizima, na kashata, watu wanane, kwa sauti ya mwenye mali. Ilipofika kulipa akajipapasa mifukoni kwa utaratibu sana, wa kifua kwanza, kisha wa nyuma. Nikalipa.

Asubuhi iliyofuata basi langu lilikuwa la saa mbili. Kaunta buku niliiacha kwa shangazi. Alisema karatasi zake zinafaa kuwashia jiko, na sikubisha, ingawa nakiri kwamba jumla naikumbuka kichwani na sidhani itatoka. Nilikuwa nimeshakaa kitini, kondakta anahesabu abiria, nikasikia dirishani mtu anagonga kwa spana.

Kaka, anahema, shati halijafungwa vifungo. Mkononi mfuko: mkate wa kumimina wa mama, bado wa moto, niliouwaza tangu Dar na kuusahau mezani. Akaupitisha dirishani.

"Umesahau. Mama kalia," akasema. Mama hakulia, hiyo najua.

Basi likaanza kuunguruma. Kaka akashika kingo ya dirisha.

"Boda imenila elfu tatu, mdogo wangu."

Nikamtazama. Na yeye akanitazama, uso mkavu kabisa, kama siku ile aliyokwenda Pangani kusema laki. Nikatoa elfu tatu nikampa.